Maswali ya Wasomaji: Samora Avenue na majengo yake

SWALI: Mhariri, nina asubuhi moja tu Dar es Salaam. Nianzie wapi Samora? Na ile hoteli ya Kaiserhof ya Wajerumani bado ipo?

JIBU: Anzia Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Shika Samora moja kwa moja hadi Sanamu ya Askari. Hapo kwanza ilisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza waliiondoa 1916, na askari wa shaba akawekwa 1927. Tazama singe yake: imeelekea bandarini. Usipite bila kusoma maandishi ya chini, maana Kiswahili kipo kwa hati mbili, ya Kiarabu na ya Kirumi.

Kaiserhof usiitafute. Ilikuja kuitwa New Africa, jengo likavunjwa, na hoteli ya leo yenye jina hilo ni mpya. Ukitaka ukuta wa kale hasa, teremka Sokoine Drive uone Boma la Kale la enzi za Sultani Majid wa Zanzibar.

SWALI: Kwa nini plasta ya nyumba hizi za kale hubanduka hata ikipigwa upya?

JIBU: Saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji, kisha huyatoa. Saruji huyafungia ndani, chumvi inajikusanya nyuma yake, plasta inavimba na kudondoka mapande. Tumia chokaa sehemu 1, mchanga usio na chumvi sehemu 3. Lowesha ukuta, piga tabaka nyembamba, na rangi ya mafuta usiiguse.