Mbwa wa miezi 7 anachechemea, leo mguu huu kesho ule: ningoje ama nimkimbize?

SWALI: Habari daktari. Niko na mbwa ya miezi 7, Jerman Shepadi dume, naishi Ruai. Wiki mbili zilizopita alianza kuchechemea mguu wa nyuma wa kulia, nikadhani ameruka vibaya, siku nne ikaisha. Saa hii imerudi lakini ni mguu wa mbele wa kushoto, asubuhi ndio mbaya, akishapata joto anakimbia tu. Anakula vizuri, ni ugali na mapafu, siku zingine matumbo. Jamaa wa agrovet anasema kalsiamu imeisha mwilini, ashaniuzia chupa na anataka kumdunga sindano mbili, ya kalsiamu na ya kutuliza uchungu. Jirani naye anasema nimpe Brufen nusu. Ningoje kidogo ama nimkimbize? Na eksrei ni lazima?

JIBU: Poa kaka. Kabla ya yote hiyo Brufen iweke chini. Kama ushampa nusu usiongeze nyingine, na ukiona anatapika ama choo kinatoka cheusi kama lami mpeleke siku hiyo hiyo. Tumbo na figo za mbwa haziwezani na hizi dawa zetu za maumivu, ile kidonge wewe unameza asubuhi na unaenda kazini vizuri yeye inaweza kumtoboa tumbo. Diclofenac ni mbaya zaidi, na Panadol pia si ya kujaribu. Dawa za maumivu za mbwa zipo, zinapimwa kwa kilo, na hazitolewi kabla mtu hajamshika huyo mbwa akajua kinachouma ni nini.

Sasa tuje kwa swali. Kitu kimenifanya nikae chini nikujibu kirefu ni hiyo ya mguu kuhama, juu mbwa mdogo anayechechemea mguu mmoja na mbwa mdogo ambaye uchungu unatembea ni kesi mbili tofauti kabisa. Lakini kwanza tuhakikishe umehama kweli, manake watu wengi huniletea mbwa wakininyooshea kidole mguu ambao hauna shida yoyote. Mwambie kijana amtembeze na kamba kwa simiti, polepole, aje kwako alafu aende, wewe uchuchumae urekodi video na simu. Angalia kichwa. Mguu wa mbele ukiuma, mbwa huinua kichwa pale anaukanyaga, alafu kichwa kinashuka akikanyaga ule mzima, kama mtu anaitikia. Mwenyewe akiona kichwa kinaanguka upande wa kulia anasema ni kulia kunauma, kumbe ni kushoto. Kama ni wa nyuma angalia kiuno, upande wenye shida ndio hupandapanda zaidi. Na hiyo video ichukue asubuhi akitoka tu kwa kenel, juu akifika kwetu na ile furaha ya gari na harufu ya mbwa wengine atatembea kama askari wa gwaride na hatutaona kitu.

Ukishajua mguu anza chini upande juu. Mtu amshike kichwa (mbwa wako mwenyewe pia huuma akisikia uchungu, mfunge mdomo na kitambaa kama humwamini), alafu fungua vidole kimoja kimoja, angalia katikati, angalia kucha kama imepasuka, finya vile vinyama vyeusi vya chini, na kila ukifinya mguu huu finya na wa pili ulinganishe. Mwaka fulani nililetewa mbwa ameshadungwa sindano tatu mahali pengine, amekunywa kalsiamu mwezi mzima, na bado anachechemea. Nilipopitisha kidole gumba kati ya kidole cha tatu na cha nne akanivutia mguu. Kulikuwa na kashimo kadogo kama tundu la sindano, kanatoa maji maji. Nikatoa mwiba wa kayaba karibu urefu wa nusu ya njiti ya kiberiti. Ua wa kayaba ulikuwa umezunguka ploti yote na huyo mbwa kazi yake ni kupenya hapo kufukuza paka wa jirani. Kupe pia hujificha hapo kati ya vidole, na funza kama kenel ni ya mchanga.

Tuseme chini ni sawa na kweli uchungu umehama. Kwa Jerman Shepadi dume wa miezi 7 kitu cha kwanza kinanijia kichwani ni panostaitisi, yaani uchungu wa ndani ya mifupa mirefu wa mbwa anayekua. Huanza kama miezi 5 na inaweza kusumbua hadi miezi 18, inawapata zaidi mbwa wakubwa, madume zaidi ya majike, na Shepadi ndio wateja wakubwa. Inauma mguu mmoja siku kadhaa ama wiki mbili tatu, inaacha, inaibuka kwingine. Ukifinya katikati ya mfupa, si kwa kiungo, mbwa analia. Habari nzuri ni kwamba huisha yenyewe, tunachofanya ni kutuliza uchungu tu.

Lakini kuna kitu umeandika ambacho hakikai vizuri na hiyo, na ndio maana sikuambii ulale usingizi. Umesema asubuhi ni mbaya, akipata joto anakimbia. Hiyo ni tabia ya viungo zaidi ya mifupa. Mbwa ambaye kiwiko ama nyonga yake haikuungana vizuri huamka amekakamaa, anatembea tembea analainika, alafu akicheza sana jioni analala na kesho yake ni mbaya tena. Shepadi wana hiyo shida ya nyonga na ya kiwiko kwa ukoo, na huonekana kuanzia miezi 4 hadi mwaka, yaani umri huu huu wake. Na mbwa mmoja anaweza kuwa na zote mbili, panostaitisi inapita, watu wanafurahi, kumbe kiwiko kiko pale kinasagika pole pole. Kwa hivyo eksrei, ndio, kwa huyu ningepiga, viwiko vyote viwili hata kama ni kimoja kinauma, na nyonga pia. Ujue tu kwamba panostaitisi ikiwa changa inaweza isionekane kwa picha, unarudia baada ya wiki mbili tatu, usifikiri daktari anakula pesa zako. Picha ya nyonga nayo mbwa analazwa na dawa ya usingizi ndio anyooshwe sawasawa, mtu akikuambia atapiga akiwa macho huku mnamshikilia watu wanne, hiyo picha haitasema kitu.

Na kwa huku kwetu lazima niulize kupe. Homa ya kupe, ile ya erlikia, huvimbisha viungo na uchungu unaweza kuhama hivo hivo. Tofauti ni kwamba huyo mbwa anakuwa mgonjwa yeye mwenyewe: hachangamki, chakula anaacha, fizi zinakuwa nyeupe, wengine hutoka damu puani. Wako anakula, hiyo ni dalili nzuri, lakini nunua kipimajoto, paka Vaseline, mpime nyuma akiwa ametulia. Mbwa mzima ni kama digrii 38 hadi 39 na kitu kidogo, ikipita 39.5 amelala tu kivulini hiyo ni homa. Kipimo chake ni cha damu na dawa yake ni ya wiki 4, si sindano moja.

Sasa chakula, na hapa jamaa wa agrovet amekaribia ukweli alafu akakosea njia. Mapafu na matumbo yana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, ugali hauongezi. Mbwa anayekua anahitaji kalsiamu izidi fosforasi kidogo, wewe unampa kinyume. Mwili hauwezi kuacha kalsiamu ya damu ishuke, moyo unaitegemea, kwa hivyo unaenda kuikopa kwa mifupa. Damu inabaki sawa, mifupa inabaki maganda. Nishaona picha ya mbwa wa miezi 5 aliyekula nyama tupu tangu aachishwe maziwa, mifupa kwa eksrei ilikuwa hafifu hadi inakaribiana na nyama, na paja lilikuwa limekunjika kama mrija wa soda, alikuwa ameruka tu kutoka kwa kochi. Kwa hivyo umeona sindano ya kalsiamu haisaidii, juu shida haiko kwa damu, na ikidungwa haraka kwa mshipa inaweza kusimamisha moyo. Kumwagia chupa kwa chakula bila kipimo pia ni hatari, mtoto wa mbwa mkubwa hana vile anakataa kalsiamu ikizidi, inaingia nyingi na mifupa inakua vibaya, hizo shida za viungo nimetaja zinazidi. Tena agrovet wengi watakupa DCP, ule unga wa madini wa mifugo, na DCP ina fosforasi ndani pamoja na kalsiamu, kitu ambacho wako tayari anacho cha kumwaga.

Kama mfuko unaruhusu, mhamishie chakula kamili cha watoto wa mbwa wakubwa hadi afike mwaka na kitu, pole pole kwa wiki moja, na usimwongezee kalsiamu juu yake. Kama hauruhusu, na najua unaweza usiruhusu, endelea kupika lakini daktari akupigie hesabu ya unga wa maganda ya mayai ama chokaa ya mifugo kulingana na kilo zake, omena nzima nzima pia husaidia juu ina mifupa. Na asinenepe. Ukipitisha mkono ubavuni uhisi mbavu bila kutafuta. Kuna labradori 48 walifuatiliwa Marekani maisha yao yote, nusu wakilishwa robo pungufu ya wenzao, hao wembamba waliishi karibu miaka 2 zaidi na nyonga zao zilichelewa kuharibika.

Hiyo sindano nyingine ya kutuliza uchungu, muulize ni dawa gani. Mara nyingi ni deksamethasoni. Mbwa atatembea vizuri jioni hiyo hiyo, wewe utamshukuru jamaa, lakini ni steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe, na ikipatana na Brufen ya jirani tumbo limeisha. Pia inanifunga mikono mimi, siwezi kumpa dawa ya maumivu ya kawaida hadi siku kadhaa zipite, na kama ni homa ya kupe imeificha tu. Yeyote anayetaka kumdunga mwombe namba yake ya usajili wa Kenya Veterinary Board, si ukorofi, ni haki yako.

Kwa hivyo uende lini? Yeye kama ulivyomweleza, mpeleke wiki hii, mchana, bila kukimbia usiku. Kliniki ya wanyama wadogo pale Upper Kabete, ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ni mahali pazuri kama huna daktari. Lakini mambo yakibadilika akawa hakanyagi kabisa, ama mguu umepinda, kiungo kimevimba na kina moto, ama amegongwa na boda, hiyo ni leo leo. Mfupa wa mtoto huunga haraka, ukiunga vibaya kwa siku chache tu kuurekebisha ni kazi, na ile sehemu ya kukulia karibu na kifundo cha mguu wa mbele ikipondeka hutaona kitu leo, utaona mguu unapinda baada ya wiki kadhaa. Na kama aliumwa na mbwa usiyemjua alafu sauti imebadilika, mate yanatiririka, ama miguu inalegea, usimtie mkono mdomoni kuangalia kama ana mfupa kooni. Mfungie, piga simu. Chanjo ya kichaa iangalie kwa kadi leo.

Mpaka hiyo siku apumzike, na hapa ndio tunadanganyana. Nikiuliza watu huniambia "daktari analala mchana wote kwa kenel," alafu saa tatu usiku anafunguliwa alinde, anakimbia kando ya ua na mwenzake akibwekea kila pikipiki hadi alfajiri. Hiyo si kupumzika, hiyo ni shift ya usiku. Wiki hii kama una mbwa mwingine, yeye ndiye alinde. Huyu akae ndani, gunia ama godoro kuukuu juu ya simiti, atoke na kamba kukojoa tu arudi. Usimfunge na mnyororo mfupi getini, atarukaruka akivuta na bega litaumia zaidi.

Siku ya kwenda beba video, andika tarehe za kila mguu kwa karatasi, na ile chupa ya kalsiamu usiitupe, enda nayo daktari asome lebo.