Jua limechelewa au jedwali limekosea? Maswali yenu ya majira ya kuchipua

Jedwali la mji wetu linasema jua huchomoza saa 12:14 asubuhi. Nasimama dirishani, silioni mpaka 12:40 hivi. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Jedwali huhesabiwa kana kwamba mji umekaa kwenye uwanda mtupu, na mawio yake ni pale ukingo wa juu wa jua unapogusa upeo. Wewe una kilima. Nyosha mkono kuelekea mashariki na usimamishe kidole kidogo: unene wake ni kama nyuzi 1. Kilima chenye kimo cha unene wa vidole vinne hivyo, kwenye latitudo 45, hukuchelewesha kama dakika 25, maana jua halipandi wima, hupanda kwa mshazari. Tena kama uko kaskazini mwa dunia, chagua alama, tuseme mnara au mti mkavu, kisha uangalie kila asubuhi: majira haya jua huhama kuelekea kushoto kwa karibu upana wake mwenyewe kwa siku. Baada ya wiki hutaamini ni kilima kilekile.

Tulifundishwa kwamba Machi 20 usiku na mchana hulingana. Nimepiga hesabu, mchana umezidi.

Umepiga vizuri. Hewa hupinda mwanga, kwa hiyo jua tunaliona likiwa bado chini ya upeo. Ongeza kwamba tunaanza kuhesabu ukingo wa juu unapotokeza, si kitovu, na mchana unapata dakika kadhaa za bure. Siku ya kulingana kweli hutangulia kidogo. Kusini mwa dunia majira haya huanza Septemba 22 au 23, na mchezo ni uleule.

Mbona sasa mchana unarefuka mbio, na Desemba ulikuwa kama umelala?

Fikiria bembea: mwishoni husita, katikati hupita kwa kasi. Machi ndiyo katikati. Kwenye latitudo 50 mchana huongezeka karibu dakika 4 kwa siku. Karibu na ikweta hutaona kitu.

Mwezi mchanga wa jioni umelala chali kama mtumbwi. Kuna maana?

Maana ya mvua au ukame, hapana, hilo niachieni. Upande unaong'aa daima huelekea jua lilikozama. Jioni za majira ya kuchipua, njia ya mwezi husimama karibu wima juu ya upeo wa magharibi, hivyo jua liko chini yake hasa, nao unang'aa kwa chini. Angalia pia ile sehemu yenye giza: utaona duara zima kwa weupe hafifu. Huo ni mwanga wa jua uliogonga dunia yetu ukarudi mwezini. Mimi huupenda kuliko mwezi mpevu wenyewe.

Mwezi mpevu ulichomoza jua likizama. Kesho yake nikatoka saa ileile, sikuuona.

Ulitoka mapema. Kwa wastani mwezi huchelewa dakika 50 kila siku, lakini mpevu wa majira haya, mbali na ikweta, huweza kuchelewa saa nzima na ushei. Kunywa chai kwanza.

Mwezi unaoonekana mchana ni wa kawaida?

Kawaida kabisa. Ule wa robo ya kwanza, yaani nusu duara ya wiki moja hivi baada ya kuandama, huchomoza karibu adhuhuri na kuzama karibu usiku wa manane. Utafute mashariki alasiri.