Simamisha video, uliza swali

Walimu wenzangu hapa Pemba hupenda kuniuliza ni video gani nzuri za kufundishia. Naona swali lenyewe halijakaa sawa. Video nzuri ziko tele. YouTube ipo tangu 2005 na ni shida kutaja mada ya Sayansi au Jiografia utakayoikosa humo. Kinachokosekana ni sababu ya mwanafunzi kuitazama. Ukiwasha ukakaa kitini, darasa zima litatulia na utafurahi, kisha utauliza swali moja na hutapata wa kukujibu.

Nichukue mada ya maji kujaa na kupwa. Video nyingi zinaanzia Ghuba ya Fundy, kule Canada, ambako tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 16 hivi. Picha zake zinashangaza: mashua zimelala kwenye matope, baada ya saa sita zinaelea. Mimi sianzi na hizo. Naandika kwanza ubaoni: "Jana maji yalijaa saa ngapi? Na leo je?" Hapo mtoto wa Pemba hahitaji kitabu. Mmoja baba yake mvuvi, mwengine mama yake analima mwani, mwengine bibi yake huchokoa pweza. Wanajua kuwa wakati wa bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa kwa nguvu, maji hukauka sana saa nne, saa tano za asubuhi, na kuwa siku za maji mafu, yanapopwa kidogo tu, bibi habebi pakacha kwenda pwani. Wakibishana kidogo wanalifikia wenyewe jambo zito: kila siku maji yanachelewa kwa karibu dakika 50.

Ndipo nawasha. Dakika moja au mbili tu, mpaka pale mwezi unapovuta maji ya upande unaouelekea, kisha nasimamisha. "Kama mwezi unavuta upande huu, mbona maji yanajaa mara mbili kwa siku?" Kila mmoja anaandika jibu kwenye daftari, hata la kukisia, kabla sijaendelea. Aliyekwisha kuandika atataka kujua kama amepata, na macho yake yanakuwa mengine kabisa. Tukifika kwenye jua, mwezi na dunia kukaa mstari mmoja, hawashangai tena kwa nini bamvua huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wanachekelea, kwa sababu bibi alikuwa akilisema siku zote.

Lugha ni tatizo jengine. Wasemaji wengi wa video hizi wanakwenda mbio, na kwa Kiingereza cha Marekani. Mitihani yetu ya sekondari ni ya Kiingereza, kwa hivyo kukikwepa siwezi. Mara ya kwanza nazima sauti nikasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Mara ya pili nairudisha sauti, napunguza kasi hadi 0.75, na wanasikiliza maneno machache niliyoyaandika ubaoni. Mwenye kulisikia neno ananyoosha mkono. Inakuwa kelele kidogo, lakini kelele hiyo naipenda.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Ihifadhi video nyumbani usiku, kwani bando la darasani litakuangusha na matangazo yatakuja na picha za kukuaibisha mbele ya watoto wa watu. Itazame mpaka mwisho wewe mwenyewe kwanza. Huna projekta? Kompyuta moja kwa kundi dogo, wengine wakiwa na kazi ya kuandika, halafu mnabadilishana. Mwangaza ukizidi, khanga mbili dirishani zinatosha.

Sasa blogu, yaani ukurasa wa mtandaoni ambao darasa linaweka makala zake. Wengi wanaifanya kuwa mbao ya matangazo ya skuli: picha za mgeni rasmi, tarehe za mitihani. Hiyo haimfundishi mtu. Blogu ya darasa inafaa pale mwanafunzi anapoandika kitu ambacho hakipo kwengine mtandaoni. Mwambie aandike "faida za mwani", atanakili ukurasa wa mtu na utapata insha arubaini zinazofanana. Mwambie amuulize mama yake anajuaje siku ya kwenda shambani kwa mwani, maji yakipwa yanafika wapi, na kipi kimebadilika tangu alipoanza. Hapo hana pa kunakili. Waandike kwenye daftari kwanza, wasomeane, wasahihishane, kisha ndiyo ichapwe kwenye simu au kompyuta iliyopo. Kuchapa ni hatua ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Ifanye ya faragha. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipotoka, wanablogu nchini Tanzania walitakiwa leseni yenye ada ya zaidi ya shilingi milioni mbili, na baadhi wakaacha kuandika. Zimerekebishwa tangu hapo, lakini kwa darasa sioni haja ya kujiingiza huko. Blogger, huduma ya Google ya kuandikia blogu, inakuruhusu kuifunga blogu na kuwaalika wasomaji kwa barua pepe, hadi watu 100: wazazi, walimu, na jamaa walioko Unguja, Dar es Salaam au Muscat. Majina kamili ya watoto usiyaweke, nyuso zao pia. Pata ruhusa ya mwalimu mkuu na wazazi kabla ya kufungua chochote.

Jamaa wa mbali ndio wasomaji bora, kwa maoni yangu. Mjomba aliyeondoka Wete, hapa Pemba, zamani atauliza kwa nini kijana ameandika kuwa pweza wamepungua, na atataka ushahidi. Ukiona swali kama hilo, usilijibu wewe. Mpe aliyeandika, arudi kwa bibi yake akaulize, na jibu aliweke yeye mwenyewe chini ya makala yake kabla ya wiki kwisha.