Uliza Mzee wa Kambi: Wanyama wapo, wageni wamekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo Mzee wa Kambi. Mimi ni mfuata nyayo katika kampuni ya uwindaji wa kitalii, huu ni mwaka wa sita. Kitalu chetu, yaani eneo tulilopewa kuwinda, kiko juu ya ardhi ya vijiji, huku Manyara. Tangu mwaka jana kuna maneno kwamba eneo litapandishwa hadhi. Wengine wanasema litakuwa pori la akiba, wengine wanasema vijiji vimeshinda na kampuni itaondolewa. Barua haijafika hata moja. Lakini msimu huu tumepata wageni wawili tu, na meneja anasema waliobaki wamepelekwa nchi nyingine. Nyati wapo, tena naona wameongezeka. Ugomvi ni wetu na serikali yetu. Mzungu anayekuja siku kumi akapiga nyati wake akarudi kwao, ardhi ni ya nani inamhusu nini? Na mimi nisubiri au nitafute kazi nyingine?
Mfuata Nyayo, Manyara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeishi kambini miaka 22. Nilianza kwa kuchuna ngozi nikaishia kuwa meneja, na swali lako niliwahi kuulizwa na mpishi wangu huku akimenya viazi vya watu wanne katika kambi iliyojengwa kwa watu ishirini.

Nianze na chumvi. Unajua mwenyewe kwamba chumvi hutangulia mgeni, kwa sababu ngozi haisubiri. Ukichuna asubuhi ukachelewa kuipaka, kesho nywele zinanyonyoka mkononi. Mwaka mmoja tulishusha magunia arobaini mwezi wa sita. Tukafyeka njia, tukachoma nyasi mapema ili majani mabichi yaote, tukajenga vibanda viwili vya kumwotea chui. Kisha yakatoka maneno kuhusu eneo letu. Maneno tu, kama hayo yenu. Julai yote tulikaa tunasikiliza redio ya kambi. Mwezi wa kumi na moja nilipofungua stoo, chumvi ilikuwa imenyonya unyevu na kuganda jabali moja. Tuliipasua kwa sururu. Na nyati walikuwa wakipita nyuma ya jiko wakati tunapasua.

Sasa, inamhusu nini mzungu? Huyo hakununua siku kumi. Alilipa nusu ya gharama mwaka mzima kabla, wakati mwingine miwili, na mara nyingi kupitia wakala. Anayeogopa zaidi ni wakala. Mezani kwake kuna Tanzania, Zambia, Msumbiji, Namibia, Zimbabwe. Akisikia tetesi juu ya kitalu chenu, hana haja ya kujua nani ana haki. Anampigia mteja simu moja na nyati anahamia nchi nyingine. Nyati ni nyati.

Halafu kuna karatasi. Kibali cha kuwinda kinatolewa kwa kitalu fulani chenye mgao wake wa wanyama. Uhalali wa kitalu ukitiwa shaka, nyara, yaani ngozi na pembe anazorudi nazo mgeni, inabeba shaka hiyo mpaka uwanja wa ndege wa kwao. Kwa simba ni kali zaidi: tangu Januari 2016 Marekani inataka ithibitishiwe kwamba uwindaji huo unasaidia simba kuendelea kuwepo, ndipo iruhusu nyara iingie. Na mwezi wa nne 2014 Marekani hiyohiyo ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo waliowindwa Tanzania na Zimbabwe, wakati watu wameshalipia safari zao. Mawakala hawajasahau. Mtu anayelipa dola maelfu ili ngozi imfike sebuleni hatafuti kitalu chenye kesi.

Unasema ugomvi ni wenu na serikali. Hapo ndipo penye kiini chenyewe, na lawama si ya meneja wako wala ya wafugaji. Sheria zetu zenyewe zinapishana mlangoni. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini, nayo imegawanywa mafungu matatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Mwaka 1999 zilitungwa sheria mbili pacha, Namba 4 na Namba 5. Namba 5 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Namba 4, inapoeleza ardhi ya jumla ni ipi, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Haya, nyanda za malisho ambazo huoni ng'ombe kwa miezi kadhaa kwa sababu wafugaji wanazitunzia kiangazi, zinatumika au hazitumiki? Muulize mzee wa boma, kisha muulize afisa mwenye ramani ofisini. Utarudi na majibu mawili.

Ongeza sheria ya wanyamapori. Chini ya ile ya 1974, hadhi ya pori tengefu ilizuia kuwinda bila kibali, basi. Watu waliishi humo, wakachunga na kulima, na kampuni ikawinda juu ya ardhi hiyohiyo. Sheria ya 2009 ikakataza kuchunga ndani ya pori tengefu bila ruhusa, lakini ikamwagiza waziri apitie orodha ya mapori hayo ndani ya miezi 12 na ahakikishe hakuna ardhi ya kijiji iliyobaki ndani yake. Miezi 12! Kazi hiyo imeburutwa miaka mingi, na kitalu chenu kimekaa juu ya mpasuko huo.

Loliondo ni mfano unaojulikana na kila mtu. Machi 2013 Waziri wa Maliasili na Utalii, Kagasheki, alitangaza kutenga kwa ajili ya wanyamapori kilomita za mraba 1,500 kati ya kama 4,000. Septemba mwaka huohuo Waziri Mkuu Pinda akawaambia wananchi jambo hilo limeachwa. Mwaka 2017 Waziri Kigwangalla akasema kampuni inayowinda pale haitapewa tena kitalu. Kampuni ikabaki. Juni 2022 vigingi vikapigwa, askari polisi akauawa, wananchi wakajeruhiwa, wengine wakavuka kwenda Kenya. Eneo likawa pori tengefu la Pololeti, na kabla mwaka haujaisha likawa pori la akiba. Mimi ni mtu wa uwindaji, mshahara wangu ulitoka huko, lakini nakiri kwamba katika mlolongo huo wote aliyelipa zaidi si wakala wala kampuni. Ni mwenye ng'ombe.

Nilizoea kudhani kwamba kampuni zinaogopa uamuzi mbaya. Sivyo. Uamuzi mbaya una bajeti: unafungasha mahema, unalipa watu, unaondoka. Kisichokuwa na bajeti ni kutojua. Oktoba 2017 ilipotangazwa kwamba vitalu vilivyokwisha gawiwa vitafutwa na vitauzwa kwa mnada, minada yenyewe ikaja 2019, nilikutana na mameneja waliokuwa hawajui kama wachimbe choo kipya.

Na kutojua kunaua hata simba. Kanuni zinataka dume awe na miaka 6 kwenda juu. Kulikuwa na mmoja kwetu aliyependa kulala kando ya korongo lenye mikwaju, tulimjua misimu mitatu. Pua yake bado ilikuwa na waridi mwingi na manyoya ya shingo hayajafunga kifua, dalili kwamba bado kijana. Mgeni alimtaka, mwindaji bingwa wetu, yule mwenye leseni ya kuongoza wageni, akakataa, tukampoteza mgeni. Mwaka uliofuata hatukuwa na hakika na kitalu, na nilianza kusikia maneno nisiyowahi kuyasikia kambini: "Tunamlea nani, atakayekuja baada yetu?" Dume yule alipigwa wiki ya kwanza. Nilipomwangalia meno pale kwenye banda la kuchunia sikumwambia mtu kitu. Kampuni siitaji, imeshakufa.

Kazi yako sasa. Usisikilize tetesi, angalia mambo matatu. Ada ya kitalu ya mwaka huu imelipwa? Njia zimechongwa baada ya mvua? Vijana wa doria wanalipwa kwa wakati? Hilo la tatu ndilo kubwa. Kampuni ikiacha doria, imeshaondoka, hata kama bendera bado iko getini.

Kisha uliza ni hadhi gani hasa inayosemwa. Pori la akiba si mwisho wa uwindaji. Vitalu vingi vya nchi hii viko ndani ya mapori ya akiba. Kazi yako inaweza kubaki, ila malisho ya kijiji na sauti yake ndivyo vinavyopotea. Ikiwa ni jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, WMA, vijiji vinapata mgawo wa mapato na kampuni inakaa nao mezani. Ikiwa ni hifadhi ya taifa, uwindaji umekwisha, kama ilivyokuwa 2019 Hifadhi ya Nyerere ilipomegwa kutoka pori la akiba la Selous na vitalu vilivyoangukia ndani vikafa. Hata hapo, mtu anayejua kusoma nyayo anatakiwa na wanaotembeza watalii kwa miguu. Jifunze ndege na Kiingereza cha kueleza mambo. Mgeni wa kamera anauliza maswali mengi kuliko wa bunduki, nakuonya mapema.

SWALI: Mzee, kwa nini tusifanye kama Afrika Kusini, ardhi iwe ya mtu na hati yake? Si ingekata mzizi wa fitina?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ungekata mzizi mmoja. Kule, kwa sheria ya 1991, mwenye shamba lililozungushwa uzio unaokubalika anamiliki na wanyama waliomo, ndiyo maana mashamba ya uwindaji ni mengi. Lakini tangu mjadala wa kutwaa ardhi bila fidia uliposhika moto 2018, nao wameulizwa na wateja wao maswali haya haya. Na Zimbabwe walikuwa na hati. Wenye ranchi za Save Valley walitoa ng'ombe, wakang'oa uzio wa ndani, wakarudisha wanyama. Kuanzia mwaka 2000 watu wakaingia upande wa kusini kulima. Hati iko kabatini, nje kuna mahindi. Waliolima nao walikuwa na madai yao ya zamani, na hati haikuyajibu.

SWALI: Habari za kazi, mzee wetu. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Kampuni imetuletea mkataba wa miaka mitano wa eneo la kambi na kuwinda. Kwenye mstari wa mwenye ardhi pameachwa wazi, wanasema tutajaza baadaye. Tusaini?
Mama Mjumbe

JIBU: Nzuri, mama. Msisaini.

Kwanza, halmashauri haiwezi kujifungia na kugawa ardhi ya kijiji. Jambo linakwenda mkutano mkuu wa kijiji. Pili, wanyama ni wa serikali na kitalu hakitolewi na kijiji, kwa hiyo hilo neno "kuwinda" kwenye mkataba wenu linahitaji maelezo: wana kitalu hicho tayari, au wanatafuta sahihi zenu wakaombee nacho? Tatu, tafuteni cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Wekeni ramani yenu na ramani ya kampuni juu ya meza moja, mtafute kigingi kimoja kimoja. Nimeshaona mpaka uliotofautiana kwa upana wa korongo zima, na ndani ya korongo hilo ndimo kisima kilimokuwa.

Waambieni waache nakala ili mkaisome kwa mwanasheria wa wilaya. Wakikataa kuiacha, niandikie tena, na uniambie walisema nini.