Muulize Fundi: Upinde Uliolegea Kabla ya Kukomaa

Tangu nilipojibu swali la mpini wa jembe na kutaja kwa kupita kwamba mti wa mkole hufaa hata kwa upinde, barua za upinde hazikatiki. Nimechagua nne.

Shikamoo Fundi. Nilikata ufito wa mkole shambani kwa babu, nikauchonga ungali mbichi na kufunga kamba siku hiyo hiyo. Jioni ulirusha vizuri, asubuhi nikaukuta umebaki umepinda kama mundu. Tena upande wa juu unapinda kuliko wa chini. Mimi ni karani tu, sijawahi kuwa fundi. Unarekebishika au nianze upya? – Msomaji, Kondoa

Marahaba, mwanangu. Anza upya.

Mti mbichi unachongeka vizuri sana, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Ukivuta upinde, upande unaotazama shabaha, ambao tunauita mgongo, unavutwa. Upande unaokutazama wewe, yaani tumbo, unabanwa. Mti wenye maji hauwezi kustahimili kule kubanwa. Nyuzi za tumboni zinajikunja na hazirudi tena zilivyokuwa. Wako haukuvunjika, lakini nguvu yake imekwenda, na hata ukiuanika sasa haitarudi yote.

Mkole usiuache, ni mti sahihi. Wahadzabe wa bonde la ziwa Eyasi wanautumia kwa pinde zao, na matunda yake wanayala. Tafuta shina lililonyooka, lisilo na vifundo kwa urefu wa sentimita 170, unene wa mpini wa jembe au kuzidi kidogo. Kisha tazama ganda. Mipasuko yake ikipanda wima, vizuri. Ikizunguka shina, ujue mti wenyewe umejisokota ndani, uache usimame. Kata wakati wa kiangazi. Kwa babu hapana shida, lakini msitu wa hifadhi usiingie na panga bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Siku hiyo hiyo paka ncha zote mbili rangi ya mafuta au nta. Maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha, na ncha zikiutangulia mwili kukauka ndipo zinapopasuka. Chonga tumbo juu juu tu, ufunge ufito kwenye ubao ulionyooka, uuweke kivulini penye upepo. Darini juu ya jiko hapana. Usiniulize wiki ngapi, maana Kondoa si Tanga. Upime kwa mzani wa dukani kila Jumamosi na kuandika. Uzito ukiacha kushuka kwa Jumamosi tatu mfululizo, umekauka kadiri hewa ya kwenu inavyoruhusu.

Sasa kuchonga. Mgongo hauguswi na chuma. Menya ganda, kwangua ule utando wa chini yake, basi. Zile nyuzi zinazokwenda toka ncha hadi ncha ndizo zinazobeba mvuto wote, na ukizikata hata chache kwa randa, ufa utaanzia hapo hapo. Kazi yako yote iko tumboni na ubavuni. Acha katikati pawe panene, kisha unene upungue taratibu kuelekea ncha. Na ushike hesabu hii: upana ukipungua nusu, ugumu wa mti unapungua nusu, unene ukipungua nusu, ugumu unaobaki ni sehemu moja ya nane. Kwa hiyo kile unachokwangua tumboni, hata kama ni unga tu unaoanguka miguuni, ni kingi. Panga liweke pembeni mapema, umalizie kwa kisu ulichokishika wima au kipande cha chupa iliyovunjika. Mimi napenda chupa. Haina pupa.

Tuje kwenye upande wa juu unaopinda kuliko wa chini. Chukua ubao wa mita moja, usimamishe wima, juu yake kata pengo la kukalishia mshiko wa upinde, na ubavuni piga misumari kila baada ya sentimita tano kushuka chini. Kalisha upinde, vuta upote, yaani kamba ya upinde, hadi msumari wa kwanza, uutie hapo, rudi nyuma utazame kwa mbali. Upande mgumu ndio unaokwanguliwa, ule dhaifu usiuguse. Kwangua kidogo, vuta polepole mara ishirini au thelathini ili mti uzoee, tazama tena. Pakitokea mahali pamekunjika peke yake, usipaguse kabisa; kwangua juu yake na chini yake mpaka mkunjo usambae. Usiuache upinde umevutwa pale msumarini ukaenda kunywa chai.

Tundika na mzani wa ndoano kwenye upote, kama ule wa wanunuzi wa pamba. Ukikusudia upinde wa kilo 18, yaani unaovutwa kwa nguvu ya kilo 18, usiuvute hata siku moja kuzidi kilo 18, hata kama haujafika urefu wa mkono wako. Ukifika uzito huo mapema, mti unakuambia ukwangue zaidi. Na kilo 18 zinakutosha. Pinde nyingi za Wahadzabe huvuta kilo 30 hivi, na Wata wa mto Galana kule Kenya, waliokuwa wakiwinda tembo, walikuwa na pinde zinazozidi kilo 45. Lakini hao walishika upinde tangu wadogo. Wewe una mabega ya karani.

Ukimaliza kurusha, fungua upote. Wala usiuvute ukauachia bila mshale, maana nguvu ambayo ingeondoka na mshale hurudi kwenye mti. Na mfano usichukue kwenye zile pinde za watalii zenye manyoya ya kuku na madoa ya moto. Sizilaumu, watu wanapata ugali, ila ni mapambo ya ukutani.

Shikamoo Fundi. Upote wangu wa naironi unalegea kila nikiuvuta, mshale unaanguka karibu. Wazee wanasema kano za ng'ombe ndizo dawa. Zinatengenezwaje? – Dada wa Mpwapwa

Marahaba, dada. Naironi inavutika, kwa hiyo nguvu yako inaishia kwenye kamba kabla ya kufika kwenye mshale. Kwa upinde wa kila siku mimi ninatumia uzi wa poliesta wa mafundi viatu, ule uliopakwa nta. Changanya nyuzi hadi upote uweze kubeba angalau mara nne ya uzito wa upinde. Upinde wa kilo 18 unataka upote wa kilo 72 kwenda juu.

Lakini umeuliza kano, na sitaki kukunyima. Nenda buchani asubuhi, omba ule utando mweupe unaong'aa uliolala juu ya nyama ya mgongo. Muuza nyama atakupa bure akikushangaa. Kwangua nyama yote ibaki kano tupu, ianike kivulini mpaka iwe ngumu na kupitisha mwanga. Hapo iweke juu ya gogo, igonge kwa rungu la mti, si kwa nyundo, mpaka ianze kuachana. Utaona inachanika yenyewe kuwa nyuzi nyembamba nyeupe. Zilowanishe kwa mate, ugawe mafungu mawili. Kila fungu lisokote kuelekea kulia, na yote mawili pamoja yazungushane kuelekea kushoto, ndivyo yanavyokazana yasifunguke. Fungu likianza kuwa jembamba, ongeza uzi mpya, lakini usiongeze kwenye mafungu yote mawili mahali pamoja. Nyosha upote wote kati ya miti miwili, tundika jiwe katikati, ukauke hivyo.

Mvua ni adui yake, ukilowa unalegea. Na uufiche mbali na panya.

Mzee, salamu kutoka Kitui. Babu yangu alikuwa mwindaji na bado yupo. Nieleze ile sumu ya mishale ya mti wa mchungu inavyopikwa. – Kijana

Salamu zimefika. Sitaeleza. Sumu hiyo inasimamisha moyo, na ukijichoma kidole hakuna zahanati ya kijijini itakayokuwa na cha kukupa. Tena ungeipaka kwa ajili ya nini? Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Huku kwetu, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inataka leseni, na upinde hauna msamaha.

Kwa kuwa babu yupo, mwulize alivyokuwa akinyoosha wano, yaani ufito wa mshale. Waulizaji wengi wanahangaika na upinde wakati kosa liko kwenye mshale. Ufito wa mshale hupashwa moto juu ya makaa hadi ulainike, unakunjwa kinyume cha pindo lake, na unashikiliwa hivyo mpaka upoe. Wahadzabe huubana kwa meno, jicho moja likifuata mstari. Babu naye atakuwa na namna yake.

Shikamoo Fundi. Kijana wangu wa miaka tisa anataka upinde, baba yake anasema atamtoboa mtu jicho. – Mama, Moshi

Marahaba, mama. Baba ana haki ya kuogopa, lakini mtoto mwache apate. Atauchonga mwenyewe kwa siri msipompa, na huo ndio wa kuogopa. Ufito mwembamba uliokauka, urefu wa kimo chake, usiozidi kilo sita. Mishale butu: ncha ivikwe kipande cha raba ya kandambili, ifungwe kwa uzi na gundi. Shabaha iwe gunia lililojazwa matambara, likiwa mbele ya ukuta au kichuguu, si mbele ya njia. Hakuna kurusha juu angani. Mmoja akienda kuokota mishale, pinde zote zinalala chini kwanza. Miezi ya mwanzo baba mwenyewe asimame hapo naye arushe. Nadhani atakuwa wa mwisho kuingia ndani. Na kama jirani anafuga kuku, mwambie mapema.