Barua kwa mwanangu: kabla ya Noeli kuna Novemba

Arusha, mwishoni mwa Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na salamu nyingi kutoka kwetu sote. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Unasema kwamba huko Massachusetts maduka yameshatundika nyota na taa za Noeli kabla hata Oktoba haijaisha, kwamba majirani wameanza kupamba, na kwamba wajukuu zangu wanakuuliza kila jioni kwa nini nyumba yenu bado iko vilevile. Kisha ukaniuliza: "Mama, je, ninawanyima watoto furaha ninapowaambia wasubiri?"

Huwanyimi. Nitakueleza kwa nini ninaamini hivyo, na kwa kuwa jambo hili liko karibu na moyo wangu, utanivumilia nikirefusha maneno.

Unalikumbuka shamba la babu yako kwenye miteremko ya Meru. Mkahawa hauivishi matunda yake yote kwa pamoja: kwenye tawi moja utakuta ya kijani, yaliyoanza umanjano, na yaliyokwisha kuwa mekundu. Ndiyo maana mchumaji hulirudia tawi lilelile mara kadhaa katika msimu mmoja, akichagua kwa rangi, tunda moja moja, na kuyaacha mengine yangoje zamu yake. Nilipokuwa darasa la sita, ada ya kaka yangu ilikuwa imechelewa, nasi tukaamua kuyapukusa matawi yote kwa mpigo, mabichi na mabivu pamoja. Mashine yetu ya mkono haikuweza kuyamenya vizuri yale mabichi, mengine yakapasuka, na buni ilipokauka ikawa ya rangi mchanganyiko, hata mpokeaji akaitenga kwenye daraja la chini kabisa. Babu yako hakutugombeza. Alisema tu kwamba tulitaka kuokoa wiki tatu, na sasa tumepoteza mwaka.

Hakuwa mtu wa kungojea tunda jekundu peke yake, ingawa ndilo lililotulipia shule. Mvua ilipoamsha maua meupe, yale yanayonukia kama asumini na kunyauka baada ya siku chache, alikuwa akituita kabla ya kifungua kinywa tukasimame naye shambani, bila jembe wala kikapu. Kutoka ua hadi tunda bivu ilikuwa imebaki miezi saba, minane, pengine tisa, na hakuna hata senti moja ambayo ingepatikana asubuhi hiyo. Tulisimama tu, tukatazama.

Nililikumbuka shamba hilo mwaka ule nilipokuja kukutunza ukiwa mzazi, wewe na mtoto wako wa kwanza. Mbele ya dirisha la jikoni kwako palikuwa na mti mmoja wa maple, aina ile ambayo maji yake huchemshwa yakawa shira. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba huhitajika takriban lita 40 za maji hayo kupata lita moja ya shira. Nilifika mti ukiwa na kijani kwenye matawi ya chini na umanjano kwenye ncha. Kila alfajiri, nikiwa nimempakata mtoto ili wewe upate usingizi, niliutazama ukibadilika, na jinsi rangi zinavyokuja ilinishangaza kuliko rangi zenyewe. Ule umanjano, nilivyokuja kusoma baadaye, huwa umo ndani ya jani tangu mwanzo, umefunikwa na kijani cha klorofili. Siku zinapofupika na usiku kupoa, kijani huvunjika na kuondoka, ndipo umanjano unapoonekana. Wekundu ni jambo jingine, kwa maana jani huutengeneza katika siku zake za mwisho, kwa sukari iliyobaki ndani yake. Sisi tunaita vuli mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba, zinazootesha majani. Nyinyi mnaita vuli majira ya kupukutika kwake. Neno ni moja, nami nimefurahi kuziona zote mbili.

Sasa nikwambie jambo la historia, kwa kuwa ualimu hauishi hata mtu akistaafu. Haraka hiyo unayoilalamikia si ya mwaka huu. Tangu tangazo la Rais Abraham Lincoln la mwaka 1863, Wamarekani walizoea kuadhimisha Siku ya Shukrani Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Mwaka 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi tano, na ya mwisho iliangukia tarehe 30. Wafanyabiashara waliona kwamba siku za kununulia zawadi za Noeli zingekuwa chache mno, na Rais Franklin Roosevelt akaisogeza sikukuu nyuma kwa wiki nzima, hadi tarehe 23. Baadhi ya majimbo yalimfuata, mengine yakakataa, na Texas ikaadhimisha siku zote mbili. Mwishowe, mwaka 1941, Bunge liliamua kwa sheria kwamba itakuwa Alhamisi ya nne. Nilipokuwa nikifundisha, habari hii ilinifanya nijiulize ni nani hasa anayeipanga kalenda ya nyumba yangu, na ningependa nawe ujiulize hivyo, kwa upole, bila kuwalaumu majirani. Najua kwamba kwenu, katikati ya Novemba, jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mtu anayewasha taa katika giza kama hilo hana kosa.

Kanisa nalo limetupa rangi za kungojea. Mwaka huu, kama kila mwaka, mijakaranda ya mjini imechanua kabla ya Majilio, yale majuma ya kungojea Noeli, na barabara zimetandikwa maua ya zambarau ambayo watoto wa shule huyakanyaga bila kuinamisha macho. Wiki chache zijazo padre atavaa zambarau hiyohiyo. Dominika ya tatu anaweza kuvaa rangi ya waridi, kwa siku moja tu, kisha anarudia zambarau hadi usiku wa mkesha, ndipo ije nyeupe. Aliyeanza kuimba nyimbo za Noeli mwezi Oktoba hufika tarehe 25 akiwa amechoka, na kesho yake anautupa mti nje, wakati ambapo Noeli yenyewe imeanza tu na itaendelea hadi Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana mwezi Januari. Hilo ndilo ninaloliona kuwa kuwanyima watoto.

Kwa hiyo usiwaambie wajukuu zangu "subirini" tu, maana neno hilo pekee ni kavu kwa mtoto. Wape kitu cha kufanya katika kila majira. Juma hili watoke nje wakaokote majani, wayapange kuanzia kijani hadi jekundu, wayabane ndani ya kitabu kizito. Siku ya Shukrani iwe ya shukrani, na kila mmoja mezani aseme lake. Dominika ya kwanza ya Majilio watengenezee shada la mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, nao wawashe mmoja zaidi kila Jumapili, katika giza hilohilo la saa kumi na moja. Anzeni pia pango, lakini kidogo kidogo: kwanza nyasi kavu, kisha wanyama, kisha wachungaji, na hori libaki tupu. Mkubwa ndiye atakayemlaza Mtoto humo usiku wa tarehe 24. Wewe ulifanya kazi hiyo ukiwa na miaka mitano, na ulikataa kulala tangu saa kumi alasiri kwa kuogopa kwamba tungekusahau.

Mkrismasi wa langoni kwetu bado ni wa kijani mtupu. Nimeutazama asubuhi hii nikaona vitumba vichache upande wa mashariki. Ua jekundu la kwanza likifunguka nitalipiga picha na kuwatumia, nanyi mnitumie picha ya majani yenu kabla upepo haujayamaliza.

Akupendaye daima,
Mama