Gari la umeme likinywa maji ya bahari

SWALI: Fundi, shikamoo. Dhoruba ilileta maji ya bahari hadi uani, gari letu la umeme likazama mpaka usawa wa viti. Leo ni siku ya tisa. Tumelianika, limekauka, taa zinawaka na limetembea hatua chache bila tatizo. Tumelirudisha gereji, inayopakana na chumba cha watoto. Mume wangu anataka kulichaji usiku huu. Nina wasiwasi. – Mama wa wawili

JIBU: Marahaba, mama. Msilichaji, msiliwashe tena, na watoto walale chumba kingine leo hii hii.

Mumeo anahesabu siku za kukauka. Maji hukauka, chumvi haiendi popote. Niliwahi kufungua boksi la betri iliyozamishwa baharini. Kwa nje lilikuwa safi kama jipya. Ndani, vipande vya shaba vilikuwa na ukoko mweupe na kutu ya kijani, na ukoko ule ulikuwa umetambaa kutoka ncha moja ya umeme (chanya) hadi nyingine (hasi). Hewa ikiwa na unyevu, chumvi inaunyonya na kupitisha umeme. Betri nyingi za magari haya zina volti 400 hivi, na huwezi kuzizima kwa swichi: gari limezimwa, umeme bado umo. Shoti ikitokea, seli moja, yaani kibetri kimoja kati ya vingi vilivyomo ndani, inapata moto, inaipasha jirani yake, na hapo hakuna wa kuisimamisha.

Kweli, magari mengi yaliyozama hayaungui. Lakini baada ya kimbunga Ian kule Florida, Septemba 2022, mengine yaliwaka siku nyingi baada ya maji kupwa, mengine yakiwa yamepakiwa juu ya trela. Tena si betri kubwa pekee. Mwaka 2012, kimbunga Sandy kilipofurika bandari ya Newark, Marekani, magari 16 aina ya Fisker Karma, yanayotumia umeme na petroli, yaliteketea. Kampuni ilisema chanzo ni chumvi iliyoharibu kifaa cha udhibiti kwenye umeme mdogo wa volti 12, na upepo ukasambaza moto.

Piga simu zimamoto, waeleze yote, kisha litolewe kwa gari la kubebea, si la kukokota, kwa maana matairi yakizunguka mota huzalisha umeme. Liwekwe nje, mita 15 au zaidi kutoka nyumba na magari mengine. Ukisikia mchemko au mlio wa kufoka, au ukiona moshi, usifungue boneti. Kimbieni upande unakotoka upepo, moshi ule una sumu.

Bima waandikieni wazi kwamba yalikuwa maji ya chumvi. Wengi huandika "mafuriko" tu, na fundi wa yadi analipokea gari kama lililoloa mvua.